Kalenda ya Mvua na Kalenda ya Mkonge

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Miche hiyo ilipitia bandari ya Hamburg, ikakaa melini kwa muda mrefu, na ilipofika pwani ya Tanganyika iliyokuwa bado hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yakatanda Tanga, Muheza, Korogwe na Morogoro, na kufikia mwaka 1913 koloni la Wajerumani lilikuwa likisafirisha takriban tani 20,000 za singa kwa mwaka.

Ardhi ilipatikana kwa amri ya serikali, mashine zikaja kwa meli. Kilichokosekana ni mikono. Mkonge uliokomaa hukatwa mwezi wowote, kiangazi au masika, na kiwanda kinachochakata majani hudai mzigo mpya kila siku. Mahindi, mtama na maharage havina uvumilivu huo. Shamba la chakula lina wiki zake za kufyeka, za kupanda na za kupalilia, na wiki hizo zikipita hazirudi mpaka mwakani. Kijana mmoja hawezi kuzitumikia kalenda zote mbili. Kwa zaidi ya miaka mia moja, habari ya vijana kuhama vijijini katika nchi hii imekuwa pia habari ya nani alibaki kuzishika zile wiki walizoziacha.

Wapagazi wa Unyamwezi

Safari za vijana zilianza kabla ya Wajerumani. Katika karne ya 19 wanaume wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, na kurudi na nguo, shanga na bunduki. Upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alionekana bado mtoto, na aliyerudi na nguo alikuwa na la kumwambia baba wa binti aliyemtaka.

Safari hizo zilifuata mvua. Misafara mingi ya Wanyamwezi wenyewe iliondoka baada ya mavuno, njia zikiwa kavu na maghala yana nafaka, na wengi walikusudia kurudi kabla ya kupanda. Kiangazi kilikuwa cha barabara na masika yalikuwa ya jembe. Kwa mpango huo kaya ilipata bidhaa za pwani bila kupoteza chakula cha mwaka.

Biashara ilipokua, wengine wakawa wapagazi wa kudumu, wakakaa njiani hata misimu miwili mfululizo. Pengo la shambani likajazwa kwa namna ambayo haielezwi sana katika sifa za wasafiri hao. Sehemu ya mali iliyopatikana kwa pembe ilinunua watumwa, wengi wao wanawake, kutoka nchi za mbali zaidi bara. Hao ndio waliolima mashamba ya Unyamwezi wakati vijana wa huko wako barabarani. Kwa hiyo tangu mapema, kuondoka kwa vijana hakukufanya jembe lilale. Jembe lilihamia kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi wa kulikataa.

Kipande cha Usambaa

Wenye mashamba ya Kijerumani walitarajia majirani zao Wasambaa wangeshuka milimani kuja kuwafanyia kazi. Wasambaa walikuwa na migomba, mahindi na maharage yao, na milima iliyopata mvua mara mbili kwa mwaka. Waliohitaji fedha walikuja siku walizoweza, na shamba la nyumbani lilipowaita waliondoka. Kwa mwenye shamba ule ulikuwa uvivu. Kwa Msambaa ilikuwa hesabu: ujira wa mwezi mmoja usingenunua chakula cha miezi ambayo angelala njaa kwa kukosa kupanda.

Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, serikali iliamuru kila mwanaume mzima awe na kipande, yaani kadi ya kazi. Alitakiwa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mzungu, kwa ujira, na siku zikaandikwa kwenye kadi hiyo. Aliyeshindwa kuonyesha kadi iliyojaa alipelekwa kufanya kazi za serikali. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo nchi nzima kwa utaratibu wa polepole: anayedaiwa fedha lazima aende fedha zilipo.

Wenye mashamba walijifunza somo moja ambalo Waingereza walilirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibarua anayekaa karibu hukimbilia kwake mvua zikianza. Anayetoka mbali hawezi. Mtu aliyeletwa kutoka mwendo wa majuma kadhaa hatapalilia mahindi ya mkewe hata akitaka. Umbali wenyewe ukawa dhamana ya kazi, na ndiyo maana mashamba ya Tanga yalikwenda kutafuta vijana Songea, Njombe, Kigoma, na hata ng'ambo ya mipaka, Urundi na Msumbiji, wakati vijiji vya jirani vilikuwa na watu.

Manamba

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ilijengwa ili kuvuta biashara ya Ziwa Tanganyika, lakini chini ya Waingereza moja ya mizigo yake mikubwa ilikuwa watu. Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na historia ya kujitosheleza. Ilikuwa na nafaka, ng'ombe na mafundi wa chuma, na upande wa kusini chumvi ya Uvinza ilivuta maelfu ya watu kila kiangazi kuja kuichemsha na kuiuza. Serikali za kikoloni zikaidhibiti chumvi. Malale yakaenea, na katika miaka ya 1930 watu wakahamishwa kutoka makazi yao na kukusanywa sehemu moja ili kuepuka mbung'o. Kodi ilibaki pale pale. Zao la biashara lenye soko la uhakika halikuwepo. Kilichobaki cha kuuza ni nguvu za mwili.

Mawakala walikuja na mikataba. Kijana alipimwa afya, akaandikishwa, akapewa namba, na tangu hapo yeye na wenzake wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunganisha uandikishaji wao katika chombo kimoja, SILABU, kilichokuwa na kambi za mapumziko, malori na ofisi katika wilaya zilizotoa watu. Haja ilikuwa kubwa. Japani ilikuwa imezitwaa Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, na majeshi ya Washirika yakabaki yakitegemea Afrika Mashariki kwa kamba za meli zao. Wakati huo wa vita maelfu ya wanaume walipelekwa mashambani kwa lazima. Vita vilipokwisha lazima iliondoka, lakini mikataba ikaendelea.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Mtu wa Kasulu au Kibondo alifika kituoni kwa mguu au kwa lori, akapanda treni kuelekea mashariki, kisha akashushwa na kupakiwa kwenye malori tena, kwa kuwa reli ya kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi mwaka 1963. Kazi aliyopewa ilihesabiwa kwa siku 30 za kipande. Siku ambayo mnyapara hakuiandika haikuwa siku. Wakataji walikata majani, wakayafunga matita, wakayapanga kando ya reli ndogo ya shamba, na matita yaliyokataliwa hayakulipwa. Aliyemaliza mkataba alirudishwa kwao. Wengi walirudi na baiskeli, blanketi, fedha za kodi na za mahari. Wengine walibaki, wakaoa, na ndiyo maana leo katika vijiji vya Muheza na Korogwe hakosekani mzee ambaye babu yake alikuwa Muha, Mbena, Mngoni au Mmakonde.

Shamba lililobaki nyuma

Mambo ya kambini yameandikwa mara nyingi. Yaliyotokea nyumbani yalionekana kwa shida, kwa sababu hayakuwa na mnyapara wala daftari.

Katika kilimo cha jembe la mkono, kazi za mwaka zilikuwa zimegawanywa. Mwanaume alikata miti na kufyeka vichaka vya shamba jipya wakati wa kiangazi, akajenga na kutengeneza ghala. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna. Mgawanyo huu ulitofautiana mahali na mahali, lakini kufungua ardhi mpya kwa sehemu kubwa kulikuwa kwa wanaume wenye nguvu. Mkataba wa miaka miwili ulikiondolea kijiji mtu huyo kwa viangazi viwili. Mkewe hakuacha kulima. Alilima pale pale alipolima mwaka uliotangulia, na mwaka uliofuata tena, mpaka ardhi ikachoka. Mavuno yalipungua taratibu bila ukame wala nzige wa kulaumiwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka ng'ambo ya mpaka wa kusini. Katika miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Audrey Richards aliishi kwa Wabemba, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Zambia. Wabemba walilima kwa chitemene: wanaume walipanda juu ya miti, wakakata matawi, matawi yakarundikwa na kuchomwa kabla ya mvua, na ulezi ukapandwa kwenye majivu. Vijana walipokwenda migodi ya shaba, hapakuwa na wa kupanda mitini. Richards alieleza kaya zilizokuwa na ardhi tele na bado zikapita miezi ya njaa. Miongo kadhaa baadaye Henrietta Moore na Megan Vaughan waliurudia utafiti huo katika kitabu chao cha mwaka 1994, wakaonyesha kwamba wanawake hawakukaa wakisubiri. Waliongeza muhogo, wakalima bustani za matuta karibu na nyumba, na wakabadilishana kazi na jamaa. Mfumo haukuvunjika kama watawala walivyodhani, ila uzito wake uliwaelemea wanawake.

Tanganyika nako muhogo ulienea. Serikali ya kikoloni iliuhimiza kama akiba ya njaa, na kwa mama anayelima peke yake ulikuwa na faida nyingine. Muhogo haudai juma maalumu. Unaweza kukaa ardhini mwaka mmoja na zaidi ukimngoja mwenye nafasi, na ukicheleweshewa palizi hautoi hasara kama ya mahindi. Lishe ilipungua ubora, lakini watoto hawakulala na njaa.

Kilichodhoofika zaidi ni kazi ya pamoja. Sehemu nyingi za nchi, kaya yenye shamba kubwa ilipika pombe na kuwaita majirani, nao wakalima siku moja kazi ya wiki mbili. Mpango huo unahitaji vijana. Wanapobaki wazee, wanawake na watoto, kualika ni kujitia deni lisilolipika, na kila mlango unabaki na shamba lake.

Waliobaki, na sababu yao

Maofisa wa kikoloni walipenda kusema kwamba vijana wanapenda tu kutembea, au kwamba safari imekuwa jando lao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 P. H. Gulliver alichunguza uhamaji wa Wangoni na Wandendeule wa Songea. Ripoti yake, iliyotoka mwaka 1955, ilifikia jibu lisilo na mapambo. Watu waliondoka kwa sababu nyumbani hapakuwa na njia ya kutosha ya kupata fedha.

Jirani yao alikuwa kielelezo. Wamatengo wa milima ya Mbinga walilima kwa ngoro, mashimo yanayopangwa kwenye miteremko mikali ili maji yasichukue udongo. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatizana, wanawake huchimba na kuyafunika kwa udongo. Kazi hiyo ni nzito na inategemea pande zote mbili. Juu ya hayo Wamatengo walikuwa na kahawa. Mti wa kahawa ulimpa kijana sababu ya kubaki, na kubaki kwake kuliyaweka mashimo ya ngoro hai.

Usukumani ilitokea hadithi hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Wasukuma walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo wa mashamba ya pwani. Pamba ilipopata bei nzuri baada ya Vita vya Pili, na vyama vya ushirika chini ya viongozi kama Paul Bomani vikajiunga kuwa muungano mmoja mwaka 1955, kijana wa Mwanza au Shinyanga hakuwa tena na haja ya kwenda Tanga. Vikundi vya vijana vililima mashamba ya pamba kwa zamu, wakifuata mdundo wa ngoma ya bugobogobo huku majembe yakirushwa hewani. Serikali haikuwa imewazuia kuondoka. Shamba lilikuwa limeanza kulipa.

Kutoka mkonge hadi mjini

Uhuru ulipofika mwaka 1961, mkonge ulikuwa zao kuu la fedha za kigeni. Mwaka 1962 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara. Wenye mashamba wakapunguza watu na kudai kazi kubwa zaidi kutoka kwa waliobaki. Uzalishaji ulifikia kilele cha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, kisha bei ikaporomoka mbele ya kamba za plastiki. Mwezi Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Miaka ya 1990 ilipofika, uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi sehemu ndogo tu ya kiwango cha 1964.

Vijana hawakurudi vijijini kwa sababu mkonge umeanguka. Walibadilisha njia. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 129,000 mwaka 1957, karibu 273,000 mwaka 1967, na 843,000 mwaka 1978. Kwa sensa ya 2022, jiji lilikuwa na watu milioni 5.4. Tofauti na kambi ya mkonge, mji hauna mkataba unaokwisha wala lori la kukurudisha. Kijana hakosi kiangazi kimoja au viwili. Anaikosa kalenda yote.

Serikali ilijibu kama zilivyojibu za kabla yake. Waingereza walikuwa wamewakamata na kuwarudisha makwao waliowaita wahuni. Serikali huru ilianzisha kijiji cha Gezaulole nje kidogo ya jiji ili wasio na kazi wakalime. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi, ambapo watu wasioweza kuonyesha ajira walisombwa mitaani na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini mapema kuliko mazao ya kwanza. Walipelekwa kwenye jembe lile lile, na bei zile zile zilizowafukuza.

Korosho na waliovuka mpaka

Kusini kuna mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Korosho huanguka chini ikiiva. Shamba lisilofyekwa huimeza ndani ya majani, hivyo shamba lililokosa vijana lilikosa mavuno hata pale mti ulipozaa. Kufikia mwaka 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000, na vijana wa kusini walikuwa wameanza kujaa Kariakoo na bidhaa mikononi, wakiitwa Wamachinga.

Katika miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, salfa ya kupulizia ikapatikana, na bei ikapanda. Mikorosho iliyoachwa ikafyekwa upya. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000. Machinga wengi hawakuacha biashara mjini, ila baadhi walianza kwenda na kurudi. Wanatuma fedha za salfa maua yanapotoka na kurudi wakati wa kuokota. Mpangilio huo unafanana zaidi na ule wa wapagazi wa mwanzo kuliko wa manamba, kwa kuwa safari imekubali tena kufuata msimu.

Kigoma imekwenda njia nyingine. Vijana wake bado wanaondoka, wengine kwenda Dar es Salaam, wengine kwenye mashamba ya tumbaku ya Tabora na Katavi. Pengo lao, pamoja na la Kagera, limekuwa likijazwa na watu kutoka Burundi. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliowekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo waligeuza misitu kuwa maeneo yanayotegemewa kwa chakula na tumbaku, na wengi wao baadaye wakapewa uraia. Waliokuja baadaye huvuka mpaka kwa msimu, mara nyingi bila kibali, wakalima kwa kipimo cha eneo na kukubali ujira ambao kijana wa Kasulu ameshaukataa. Asiye na kibali akidhulumiwa hana pa kushtaki, na bei ya palizi inapangwa kwa kulijua hilo.

Mwaka 2023 serikali ilizindua programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, inayowapa vijana mashamba makubwa ya pamoja yenye umwagiliaji, kuanzia Dodoma. Ni ahadi yenye faida moja ambayo Nguvu Kazi haikuwa nayo: inaanza na maji na soko kabla ya kudai mtu. Historia inatoa kipimo cha kuipima. Kijana alibaki Mbinga na Mwanza pale zao lilipomlipa kwa wiki zile ambazo mjini pia zingemlipa. Pale lisipomlipa, hakuna kipande, mkataba wala operesheni iliyomshika kwa muda mrefu, na wiki zake zikachukuliwa na mtumwa, na mke aliyeachwa peke yake, au na mgeni asiye na karatasi. Mashamba ya nchi hii hayajawahi kuishiwa kabisa na watu wa kuyalima. Swali ambalo kila programu italazimika kulijibu ni kama hao watakaoyalima watakuwa wamechagua kufanya hivyo, au watakuwa wamekosa pengine pa kwenda.